SOMO LA KOMPYUTA: SWICHI ITAZAMWE KABLA YA KADI

Wafanyakazi wa Serikali na wananchi wanaotumia kompyuta za mkononi zenye mfumo wa Linux wanafahamishwa kwamba kompyuta isiyoona mtandao wa Wi-Fi si lazima iwe kadi yake imeharibika. Huenda kadi ni nzima ila imefungwa, na kununua kadi nyingine kwa fedha za ofisi hakutaifungua.

Kompyuta kadhaa za zamani ambazo bado zinafanya kazi, mfano ThinkPad T61 ya mwaka 2007, zina swichi ndogo ya kusukuma kwenye ukingo wa mbele. Swichi ya namna hii haimwombi mtu ruhusa. Katika kadi za aina ya Mini PCI Express, pini ya 20 imetengwa kwa kazi hiyo: umeme wake ukishushwa, redio ya kadi huzimika, na hakuna amri, hata ya msimamizi mkuu wa mfumo, inayoweza kuiwasha. Nayo husukumwa kwa urahisi na mkoba au kiganja pasipo mwenyewe kutambua.

Kwa hiyo kompyuta iulizwe kwanza. Mtumiaji afungue dirisha la amri na aandike:

rfkill list

Kila redio itatajwa pamoja na mistari miwili. Mstari wa "Soft blocked" unahusu kizuizi cha programu, na wa "Hard blocked" kizuizi cha swichi. Jibu la "yes" maana yake kizuizi kipo. Cha programu huondolewa kwa amri hii:

sudo rfkill unblock wifi

Cha swichi huondolewa kwa kidole. Vizuizi hivyo huweza kuwapo vyote kwa pamoja, na hapo ndipo watu hupotea: husukuma swichi, wakaona hakuna kilichobadilika, wakairudisha ilipokuwa. Swichi na iachwe wazi, kisha amri iandikwe.

Zipo pia kompyuta zinazodai kufungwa na swichi ambayo hazina. Hali hiyo iliwahi kuwasumbua wenye Lenovo Yoga 2, kwa sababu kiendeshi cha ideapad_laptop kilisoma alama ya swichi isiyokuwapo. Kukiondoa kwa amri ya sudo modprobe -r ideapad_laptop huifungua kadi hadi kompyuta itakapowashwa upya. Matoleo ya baadaye ya kiini cha Linux yalirekebishwa, hivyo dawa ya kudumu ni kusasisha mfumo.

Iwapo hakuna kizuizi na mtandao bado haupatikani, iandikwe lspci -nnk. Namba 8086 ni ya Intel, 14e4 ni ya Broadcom. Pasipokuwa na mstari wa "Kernel driver in use" chini ya kadi, kadi haina kiendeshi. Baadhi ya kadi za Broadcom zinazotumia kiendeshi cha b43 huhitaji pia faili la ziada, ambalo katika Debian huletwa na kifurushi cha firmware-b43-installer. Kifurushi hicho nacho hulishusha faili hilo kutoka intaneti, basi waya wa mtandao utafutwe mapema.

Kompyuta inayopelekwa kwa fundi iambatanishwe na karatasi yenye majibu ya rfkill list na lspci -nnk, yakiwa yamenakiliwa kama yalivyotokea.