Inchi na Milimita katika Gari la Moshi Dogo

Wako watu Uingereza wapendao kuunda magari ya moshi madogo, yaendayo kwa moto na mvuke wa kweli, yenye nguvu za kumvuta mtu aliyeketi katika kigari nyuma. Ramani zao nyingi ni za zamani, nazo zimepimwa kwa inchi. Lakini mwaka 1965 nchi ile ilianza kugeukia vipimo vya mita, na siku hizi vyuma vingi huuzwa kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4.

Basi fundi akitaka mhimili wa nusu inchi, yaani milimita 12.7, huenda akapata wa 12. Si neno, iwapo matundu yote upitamo yatatobolewa kwa 12. Akiyatoboa kwa kipimo cha ramani, gurudumu litalegea. Lakini upana wa njia, inchi 5, haubadiliki: ni milimita 127, kwani reli zimekwisha kutandikwa.

Penye hatari ni tangi la mvuke. Bamba la shaba nyekundu la 3/32 ya inchi ni milimita 2.38. Fundi mwenye akili huchukua la 2.5, wala si la 2, ajapoliona rahisi. Maana bamba jembamba laweza kupasuka, na mwendeshaji huketi karibu nalo.