Mashine ya Kufulia: Pima Maji Kabla ya Kuhesabu Pesa

Mkazi wa Kisauni anayeingia dukani kununua mashine ya kufulia nguo kwa kawaida huulizwa maswali mawili: ana pesa ngapi, na anataka ya kilo ngapi. Swali ambalo lingepaswa kutangulia huwa haliulizwi kabisa. Je, nyumbani kwake maji yanafikaje?

Kaunti ya Mombasa hutegemea maji kutoka Baricho, Mzima, Marere na Tiwi, na mgao hauwafikii watu wote kila siku. Nyumba nyingi huendeshwa na tangi la juu ya paa, kisima cha maji ya chumvi, au mitungi ya lita 20 inayoletwa kwa mkokoteni. Mashine iliyoundwa kwa nyumba yenye mfereji usiokauka, ikifungwa katika nyumba kama hiyo, husimama katikati ya kazi, nguo zikiwa na povu na mlango umejifunga. Baada ya miezi michache hutandikwa kitambaa na kuwekewa televisheni juu. Pesa za chama zimeishia hapo, na mama wa nyumba amerudi kwenye beseni.

Mashine zinazouzwa hapa ni za aina tatu. Ya kwanza ina matangi mawili, moja la kufulia na jingine la kukamulia. Ya pili hufunguliwa juu na hufanya kazi zote yenyewe. Ya tatu ina mlango wa kioo mbele. Hii ya mlango wa mbele ndiyo inayotumia maji kidogo zaidi kati ya zile zinazojiendesha: ya kilo 7 hutumia takriban lita 40 hadi 60 kwa mfuo mmoja, yaani mitungi miwili au mitatu. Ya kufunguliwa juu inaweza kupita lita 100. Kwa hesabu hiyo, ya mlango wa mbele ingeonekana kuwa ndiyo jibu kwa mji wenye shida ya maji.

Tatizo ni kwamba mashine hiyo hujivutia maji kupitia mpira, na inahitaji maji yenye nguvu. Tangi lililo mita 10 juu ya mashine hutoa msukumo wa bari moja. Likiwa mita 3 tu, ni bari 0.3. Mashine nyingi hutaka kati ya bari 0.3 na 0.5 kwa uchache, na kiwango hicho huandikwa katika kitabu cha maelekezo. Anayeishi ghorofa ya juu kabisa, tangi likiwa karibu na kichwa chake, ndiye mwenye msukumo mdogo kuliko wote katika jengo. Kuna jaribio rahisi: fungua mfereji wote na ujaze mtungi wa lita 20. Baadhi ya watengenezaji hutaka lita 8 kwa dakika, kwa hivyo mtungi ukichukua zaidi ya dakika mbili na nusu, itahitajika pampu ndogo au aina nyingine ya mashine.

Aina hiyo nyingine ni ya matangi mawili, ambayo wengi huidharau kwa sababu mtu lazima asimame karibu nayo. Lakini hujazwa kwa ndoo bila kujali mfereji una nini. Maji ya sabuni yaliyofua nguo nyeupe hubaki na kufua za rangi, kisha nguo za kazi, na mwisho yakapigiwa deki. Stima ikipotea, nguo hutolewa zikamaliziwa kwa mkono. Kwa nyumba inayonunua maji kwa mtungi, hii si mashine ya mtu aliyekosa pesa. Ni chaguo la busara. Jambo la kuangalia ni kwamba kilo zilizoandikwa kwa herufi kubwa ni za tangi la kufulia; la kukamulia hubeba kidogo kuliko hilo.

Maji ya kisima yana hesabu yake. Chumvi huozesha vyuma, na maji magumu huacha magaga meupe kwenye kipasha moto cha mashine. Mwenye kisima afue kwa maji baridi kila inapowezekana, na nguo zisuuzwe mara ya mwisho kwa maji matamu.

Maji baridi pia huokoa tokeni. Kinachokula stima si kuzunguka kwa nguo bali ni kupasha maji. Mfuo wa nyuzi 60 katika mashine ya mlango wa mbele hutumia karibu uniti moja. Wa maji baridi hutumia sehemu ndogo tu ya hiyo. Sabuni iwe ya unga wa mashine, kwani ile ya kufulia kwa mkono hutoa povu jingi mno kwa mashine ya mlango wa mbele.

Kuhusu kikausha nguo, wakazi wengi wa Pwani hawana haja nacho. Kikausha cha kawaida hula uniti 3 au 4 kwa mzigo mmoja, ilhali jua la hapa hukausha shuka kabla ya adhuhuri. Atakayekihitaji ni yule wa fleti isiyo na kamba wala roshani, au mwenye mtoto mchanga wakati wa masika. Huyo atafute chenye pampu ya joto: bei yake ni kubwa, lakini hutumia nusu ya stima hiyo au chini yake.

Mashine ifungwe kwenye soketi yake ya ukutani yenye waya wa ardhi, si kwenye ekstensheni iliyobeba friji na pasi. Waya zikiwa na shaka, aitwe fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA.

Dukani, mnunuzi aangalie alama ya ubora ya KEBS, aulize vipuri vinapatikana wapi, na adai risiti pamoja na waranti iliyojazwa tarehe. Ibara ya 46 ya Katiba inampa haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa na maelezo ya kutosha kuzihusu. Anayelipa mdogo mdogo ajumlishe malipo yote kabla ya kutia sahihi, kisha alinganishe na bei ya pesa taslimu.

Mashine ya mlango wa mbele ikifika nyumbani, ikaguliwe nyuma kabla ya kuwashwa. Huwa na boliti ndefu zinazoshikilia pipa lisitikisike njiani. Zisipotolewa, mashine itaruka sakafuni siku ya kwanza na inaweza kuharibika, na hitilafu ya namna hiyo kwa kawaida haiingii katika waranti. Boliti hizo ziwekwe kabatini. Zitahitajika tena siku ya kuhama.