Namna ya Kuijua Lushoto kwa Miguu

Watu wengi wa Dar es Salaam huenda Lushoto kwa mtindo mmoja. Wanafika Ijumaa usiku, Jumamosi wanapelekwa kwa gari hadi Irente, wanapiga picha ukingoni mwa jabali, wananunua karoti na plamu, Jumapili wameshateremka. Hakuna ubaya, lakini Usambara wameiona dirishani tu. Milima hii ni ya kutembea. Anayeikwea kwa miguu ndiye anayeelewa kwa nini Wakilindi, ukoo wa watawala wa huku, walitawala wakiwa juu, kwa nini Wajerumani walikimbilia huku, na kwa nini wakulima waliyakataa matuta ya Mwingereza. Ukiweza kupata wiki moja, liache gari nyumbani na uifuate safari kama nitakavyoieleza.

Kwanza soma. Tafuta maktabani au kwa rafiki kitabu cha *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi, mtu aliyeishi karibu na wakubwa wa Kikilindi na baadaye akawa Liwali wa Tanga. Ni miongoni mwa vitabu vya kale vya historia vilivyoandikwa kwa Kiswahili chetu wenyewe, na kinaanza na Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu akapokewa na Washambaa hadi akawa mtawala wao. Usipopata muda wa kukimaliza, soma habari za Mbegha tu. Majina mengi utakayoyasikia njiani yatakuwa yameshapata sura.

Panga kwenda kati ya Juni na Septemba, au Januari na Februari. Masika huifanya njia ya udongo kuwa utelezi mtupu na mara nyingine kingo za barabara huporomoka. Juni hadi Agosti kuna ukungu na baridi ya kweli. Mtu wa pwani asidanganywe na jua la mchana. Chukua sweta nzito, koti la mvua, na viatu vyenye soli ya meno ambavyo umeshavivaa nyumbani vikalainika. Viatu vipya mlimani ni malengelenge.

Shuka Mombo, hata kama basi lako linapanda moja kwa moja hadi Lushoto. Kunywa chai, kisha simama mahali peupe utazame ukuta wa milima. Kimweri ye Nyumbai, mfalme wa Kikilindi, alitawala kutoka Vuga, kule juu, hadi alipofariki mwaka 1862, na watu walipandisha kodi na zawadi kumfuata mlimani. Lakini huku bondeni misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikizidi kupita, na pamoja nayo bunduki na baruti. Mwanawe Semboja alikuwa amekaa Mazinde, chini ya milima, jirani na njia ya misafara. Baada ya kifo cha baba yake, wenye bunduki wakawa na sauti kuliko wenye kiti cha Vuga, na ufalme ukagawanyika kwa vita vya ndugu. Ukiwa Mombo huhitaji mwalimu wa kukueleza jambo hilo. Unaona tambarare ilivyo rahisi kupitika, na unaona mlima ulivyo mbali.

Reli ya kutoka Tanga ilifika hapa mwaka 1905, na barabara ya kupanda Lushoto nayo ni kazi iliyoanzwa enzi za Wajerumani. Ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona, kutoka mita 400 hivi hadi mita 1,400. Kama una tabia ya kutapika garini, omba kiti cha mbele, usile mafuta mengi kabla, na utafune tangawizi. Na kama gari limekushinda kuliacha nyumbani, piga honi kwenye kona zisizoonyesha mbele, na siku ya kurudi teremka kwa gia ndogo badala ya kukanyaga breki njia nzima.

Katikati ya njia ni Soni, penye maporomoko ya maji na soko la mboga na matunda. Hapa ndipo pa kuuliza usafiri wa kwenda Vuga. Usiende kutafuta magofu ya mawe. Mji wa watawala ulikuwa wa nyumba za miti na majani, kwa hiyo kinachobaki ni mahali penyewe na kumbukumbu za wenyeji. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga, na nguvu za mji huo hazikurudi tena. Ukitaka kusikia habari hizo, fika kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, jitambulishe, mwambie unataka nini. Atakupeleka kwa mzee anayejua. Usimwekee mzee simu mdomoni kabla hamjamaliza salamu, na ukimpiga picha uwe umemwomba. Asubuhi msalimie kwa Kishambaa, "Onga mahundo", hata kama matamshi hayajakaa sawa.

Lushoto mjini panatosha mchana mmoja. Wajerumani walipaita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao, wakapafanya makao ya wilaya na mahali pa maofisa kupumua joto la pwani likizidi. Majeshi ya Waingereza yaliingia Juni 1916, na jina la wenyeji likarudi. Tembea taratibu kati ya soko, makanisa na majengo ya zamani ya serikali, uone jinsi mji ulivyojibana bondeni. Kisha fanya kazi muhimu kuliko zote: tafuta mwongozaji.

Mwongozaji apatikane kupitia ofisi inayojulikana ya utalii wa utamaduni mjini, au kupitia nyumba uliyofikia, si kijana yeyote anayekudaka stendi. Mwulize amezaliwa kijiji gani, njia hiyo ameipita na wageni au na wazazi wake, na kama miti anaijua kwa majina ya Kishambaa. Majibu yake yatakuonyesha kama umempata mtu. Bei muipatane kabla hamjaondoka, na mseme wazi kama ndani yake kuna chakula chake, mahali pake pa kulala, kiingilio cha msitu, na nauli yake ya kurudi. Hiyo nauli ya kurudi ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayoleta manung'uniko siku ya mwisho. Wabongo tuna tabia ya kudhani bei ya mwongozaji ni ya Wazungu. Mtu unayejiweka mikononi mwake kwa siku tatu alipwe vizuri.

Siku yako ya kwanza ya kutembea iwe Irente, kama kilomita sita kutoka mjini. Ni mazoezi mazuri ya mapafu. Usiende asubuhi na mapema, maana ukungu mara nyingi huwa umeifunika tambarare yote usione hata mti. Ondoka saa nne, pitia njia za mashambani, ule mchana kwenye shamba la Kanisa la Kilutheri pale Irente, ambako wanauza mkate wa nafaka, jibini na jemu za matunda ya mlimani. Kisha uende kwenye jabali alasiri. Chini yako kuna karibu mita 1,000 hadi Mazinde, na utayaona mashamba ya mkonge na barabara kuu kama uzi. Jabali halina uzio wa kukuzuia na upepo huja kwa ghafla. Watoto washikwe mkono, na picha ya kuning'iniza miguu uiache.

Siku ya pili ni ya msitu wa Magamba, na hapa sitaki uwe na haraka. Hii ni hifadhi ya mazingira asilia yenye zaidi ya hekta 9,000, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na kuingia ni kwa kulipia, kwa hiyo maliza malipo kabla ya kuondoka. Milima ya Usambara ni sehemu ya Tao la Mashariki, milima ya kale iliyopata mvua ya Bahari ya Hindi kwa miaka mingi kiasi kwamba viumbe vilivyojifungia humo vimekuwa vya pekee. Kuna ndege, vinyonga na mimea isiyopatikana kwingine kokote duniani.

Ingia mapema, saa kumi na mbili na nusu ikiwezekana. Mbega weusi kwa weupe huanza siku kwa kuunguruma, sauti nzito inayopokezana kutoka bonde hadi bonde, na ukiisikia simama. Wanapokuwa wametulia juu ya mti, mkia mrefu huning'inia wazi kuliko mwili wote, kwa hiyo tafuta mkia. Mwombe mwongozaji akuonyeshe mkulo, mti mkubwa wa mbao nzuri ambao gome na majani yake yana harufu ya kafuri. Ponda jani moja lililoanguka ulinuse. Suruali iingize ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na ukiwaona wamekata njia, ruka mbali na uendelee kutembea. Anayesimama kuwachungulia ndiye anayeumwa. Usiwashe muziki. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu vikundi vyetu vya vijana hupenda kubeba spika, na spika moja inafukuza wanyama wa asubuhi nzima.

Usiku rudi pembezoni mwa msitu na tochi, pamoja na mwongozaji. Kinyonga ambaye mchana ungempita bila kumwona, usiku hulala kwenye ncha ya kitawi na rangi yake hupauka, na akimulikwa hung'aa kati ya majani ya kijani. Dume wa kinyonga wa Usambara Magharibi ana pembe mbili puani. Mulika pembeni yake, si machoni, na usimshike. Barabarani utakutana na watoto wamewaweka vinyonga juu ya vijiti wakitaka uwapige picha kwa pesa. Usitoe. Pesa yako ndiyo inayomtoa kinyonga mwingine mtini kesho yake.

Baada ya hapo uko tayari kwa njia kubwa, ile ya kutoka Lushoto hadi Mtae. Watembeaji wengi huitumia siku tatu: kupitia Magamba hadi upande wa Lukozi, kisha Rangwi, kisha Mtae. Rangwi kuna masista Wakatoliki wanaopokea wageni. Mwongozaji awapigie simu kabla, na ninyi mfike kabla ya giza. Begi lako lisizidi unachoweza kubeba huku ukizungumza. Ukishindwa kuzungumza kwenye mwinuko, punguza mwendo au umpe mchukuzi mzigo. Beba pesa taslimu za noti ndogo kwa ajili ya vijijini, maji ya kutosha, na tochi.

Macho yako nayo yawe kazini. Upande wa Lukozi na Shume, mwulize mwongozaji habari za mierezi. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikuwa na kiwanda cha mbao huko Shume, na magogo yaliteremshwa kwa kamba za chuma zilizoning'inia angani hadi kituo cha reli cha Mkumbara, chini kabisa bondeni. Sehemu kubwa ya mierezi ya kale iliondoka kwa njia hiyo, na misonobari mingi unayoiona imepandwa baadaye. Mbele zaidi, ukiona shamba lililokatwa ngazi na jingine jirani lisilokatwa, simama uulize. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa kuokoa udongo katika bonde la Mlalo na kuwalazimisha watu kuchimba matuta. Ilikuwa kazi ngumu, wanawake wakiibeba zaidi, na watu wakahofia ardhi yao kuchukuliwa. Upinzani ukakua hadi mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Udongo kweli ulikuwa ukiondoka, hilo halina ubishi, lakini amri ya jembe iliwafanya watu wauchukie hata ushauri uliokuwa sahihi. Ukiongea na mkulima mwenye umri leo, utasikia bado jambo hilo halijapoa. Msikilize bila kumfundisha.

Mtae imekaa juu ya ukingo mwembamba wa mlima, mahali pengine unaona bonde kushoto na kulia kwa kugeuza shingo tu. Alfajiri yenye anga safi, Kilimanjaro huonekana upande wa kaskazini magharibi, ng'ambo ya tambarare za Mkomazi. Kaa hapo usiku mmoja zaidi ukipata nafasi, kwa sababu mlima huo haujionyeshi kila siku, na miguu nayo itakuwa inadai.

Mabasi ya kurudi Lushoto kutoka Mtae huondoka usiku wa manane au alfajiri, si baada ya chai. Jioni mtafute kondakta, umwulize saa yenyewe, lipia viti viwili, chako na cha mwongozaji, na mwombe mwenye nyumba akuamshe. Matunda usinunue Mtae ukayabeba njia nzima yakapondeka. Subiri Soni, ambako mabasi husimama na plamu na peasi huuzwa kwa ndoo. Chagua zilizo ngumu kidogo, zitaivia Dar.