Usimfungie Ndani
Kijitabu cha nyumba yenye mzee anayesahau

Tuanze na kufuli

Usimfungie mzee ndani peke yake. Najua kwa nini mnafanya hivyo: kuna shamba, kuna genge, na juzi alipotea mkamkuta barabara kuu. Lakini nimeshaingia nyumba ambayo bibi alifungiwa tangu alfajiri. Tulimkuta jioni ameketi nyuma ya mlango, kucha zimechanika kwa kukwaruza mbao. Uji wake ulikuwa mezani, umeganda, haujaguswa. Si kwamba hakuachiwa chakula. Anayesahau husahau hata kula.

Nyumba ikishika moto, atatokea wapi? Akianguka, nani atamsikia? Usimfungie.

Ni ugonjwa gani?

Mara nyingi ni ule unaoitwa Alzheimer. Unaharibu ubongo kidogo kidogo, na hauna dawa ya kuuponya. Kusahau ulikoweka kisu ni kawaida. Kupotea njia ya kisimani uliyoipita miaka arobaini, huo si uzee tu.

Unaambukiza?

Hapana.

Ni uchawi?

Hapana! Mzee akikutwa usiku wa manane uani kwa jirani, nguo hana, huenda alitoka kutafuta choo akapotea. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hii, wengine kwa kuwa na macho mekundu tu, na macho hayo ni ya moshi wa jikoni. Mrudishe kwao, mfunike khanga.

Hospitali leo, si kesho

Akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, msiseme "ndivyo alivyo siku hizi". Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, sukari kushuka, kiharusi, au dawa alizochanganya. Bebeni dawa zake zote, za duka na za mitishamba pia. Hata aliyeanza kusahau polepole apimwe, maana ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu wa vitamini na sonona humfanya mtu asahau, na hayo yanatibika. Hospitali ya serikali ulizeni dirisha la wazee.

Badala ya kufuli

Tundika njuga au makopo mlangoni, akitoka msikie. Shona namba ya simu ndani ya nguo yake. Mwambie balozi, mwenye genge na vijana wa bodaboda, wala usione haya. Mpe kazi: achambue mchele, akunje nguo, hata akizikunja mara tatu. Mafuta ya taa, sumu ya panya, visu na dawa, hivyo ndivyo vya kufungia. Kufuli litie kwenye kabati.

Akimuulizia marehemu

Usimtangazie msiba kila siku, maana kila siku atalia upya. Mwambie, "Bibi, hebu nisimulie habari zake." Mara nyingi atatulia.

Anayeuguza

Kwa kawaida ni binti mmoja, au mkaza mwana, na biashara yake imeshakufa. Ninyi ndugu wa mjini, fedha za simu ahsante, ila hazimgeuzi mgonjwa kitandani. Njooni kwa zamu, naye alale. Asiyelala wiki nzima ndiye huyo ninayemkuta na ufunguo mkononi.

Mkiitwa msibani au mnadani

Nendeni naye, au abaki mtu mmoja, au mpelekeni kwa jirani anayemfahamu. Kumfungia ndani, hapana.