SOMO LA ROBO HII: KABLA YA KUOMBA NAFASI CHUO KIKUU CHA HARVARD

Walengwa: Vijana wa kidato cha tano na sita, wazazi, walezi na walimu.

Lengo la somo: Msomaji aelewe jinsi chuo binafsi cha kiwango cha juu kinavyochagua wanafunzi na kinavyolipiwa, ili familia isiuze shamba kwa kutokujua, wala kijana asiache kuomba kwa hofu ya ada.

Utangulizi

Ndugu msomaji, tunapotembelea sharika tunaulizwa mara kwa mara kuhusu vyuo vikubwa vya Marekani. Wengine wanasema ni vya watoto wa matajiri tu. Wengine wameambiwa na mawakala kwamba wakilipa fedha fulani mtoto atapata nafasi. Kauli zote mbili si za kweli. Katika somo hili tumechukua chuo kimoja, Harvard, ili tujifunze kwa mfano.

Harvard kilianzishwa mwaka 1636, na kiko mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Kimepewa jina la John Harvard, mchungaji aliyefariki mwaka 1638 akakiachia nusu ya mali yake pamoja na vitabu vyake vipatavyo 400. Ni chuo binafsi, yaani si mali ya serikali.

1. Fahamu unachokiomba

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza huomba kuingia Harvard College, na masomo huchukua miaka minne. Haombi udaktari wala sheria moja kwa moja kama ilivyo kwetu. Masomo hayo husomwa baada ya shahada ya kwanza, kwa maombi mengine na gharama nyingine. Mwanafunzi huchagua somo lake kuu akiwa mwaka wa pili. Kijana anayetaka kuwa daktari mapema alipime jambo hili, kwa kuwa nchini kwetu anaweza kuanza udaktari mara tu baada ya kidato cha sita.

2. Ushindani ni mkubwa sana

Kwa wanafunzi walioanza mwaka 2024, waombaji walikuwa 54,008 na waliopata nafasi 1,937. Hao ni chini ya 4 katika kila 100. Wengi waliokataliwa walikuwa na alama nzuri kabisa. Kwa hiyo kukosa nafasi si aibu, na mzazi asimlaumu mtoto kwa hilo.

3. Suala la ada

Hapa ndipo wengi hukata tamaa. Gharama za mwaka mmoja, yaani ada, chumba na chakula, zinazidi dola 80,000. Lakini Harvard huchagua wanafunzi bila kuangalia uwezo wa familia kulipa, hata kwa waombaji wa nje ya Marekani. Aliyechaguliwa hupewa msaada unaoziba pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia. Mwezi Machi 2025 chuo kilitangaza kwamba, kuanzia mwaka wa masomo 2025/2026, familia yenye mali za kawaida na kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka haitadaiwa ada, malazi, chakula wala bima ya afya. Familia nyingi za sharika zetu zimo humo.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, hakuna ufadhili unaotolewa kwa alama nzuri au vipaji. Msaada wote hutegemea hali ya familia. Pili, si vyuo vyote vya Marekani hufanya hivi. Katika vyuo vingi, kuomba msaada hupunguza nafasi ya mwombaji wa nje kuchaguliwa. Uliza kila chuo kabla ya kuomba.

4. Kueleza kipato cha familia

Mwombaji wa msaada hujaza fomu iitwayo CSS Profile na kuambatanisha uthibitisho. Mkulima hana hati ya mshahara, lakini anaweza kuandika maelezo ya kweli. Mfano:

- Mahindi magunia 20 kwa shilingi 60,000: 1,200,000
- Maziwa lita 5 kwa siku, siku 300, kwa shilingi 1,000: 1,500,000
- Jumla ya mapato: 2,700,000
- Kutoa mbolea, mbegu na dawa za mifugo: 900,000
- Kinachobaki: 1,800,000

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Familia inayoweka kumbukumbu itajaza fomu bila shida. Usipunguze wala kuongeza. Udanganyifu ukigundulika, nafasi hufutwa.

5. Maombi na tarehe zake

Maombi hutumwa kwa intaneti, kwa kawaida kupitia Common Application. Mwisho ni tarehe 1 Januari, na majibu hutoka mwishoni mwa Machi. Hii ina maana kwamba mwanafunzi wa kidato cha sita huomba kabla ya mtihani wake wa taifa. Chuo kitaangalia matokeo ya kidato cha nne, ripoti za shule na makadirio ya walimu. Yanayotakiwa ni haya:

- Mtihani wa SAT au ACT. Harvard iliurudisha kuwa wa lazima kwa walioomba kuanza mwaka 2025. Asiyeweza kuupata anaweza kuruhusiwa kutumia mitihani mingine, ikiwamo ya taifa.
- Barua mbili za walimu na ripoti ya shule. Waombe walimu mapema, maana nao wana kazi nyingi.
- Insha moja isiyozidi maneno 650, pamoja na majibu mafupi ya maswali ya chuo.
- Orodha ya shughuli zisizozidi 10. Vijana wetu huacha nafasi hizi wazi wakidhani hawana la kuandika. Kuchota maji, kulea wadogo, kuuza genge na kuongoza kwaya ni shughuli. Andika saa unazotumia kila wiki.

Ipo ada ya maombi, lakini asiye na uwezo huomba asamehewe. Hakuna wakala anayehitajika. Tumekutana na wazazi waliotozwa fedha nyingi kwa fomu ambayo kijana angeijaza mwenyewe kwenye kompyuta ya shule.

6. Viza

Kupata nafasi si kupata viza. Mwezi Mei 2025 serikali ya Marekani ilijaribu kukizuia Harvard kupokea wanafunzi wa nje, na mahakama ikasimamisha hatua hiyo. Mwezi Desemba 2025 ilitangazwa kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2026 utoaji wa viza, zikiwamo za wanafunzi, utabanwa kwa raia wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo. Masharti haya hubadilika, hivyo soma taarifa za ubalozi kabla ya kutumia fedha. Zipo pia ada zinazolipwa kabla ya kujua kama viza itapatikana, zikiwamo dola 185 ya maombi ya viza na dola 350 iitwayo SEVIS.

7. Usiache mlango wa nyumbani

Matokeo ya kidato cha sita hutoka kwa kawaida Julai, baada ya majibu ya Harvard, na ndipo udahili wa vyuo vyetu hufunguliwa. Kwa hiyo kuomba huko hakumzuii kijana kuomba hapa. Tunashauri kila anayeomba nje awe na vyuo vya nyumbani alivyokwisha kuvichagua.

Hitimisho

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kijana mwenye bidii aombe, na familia yake imsaidie kwa ukweli na kumbukumbu, bila kukopa wala kuuza ardhi.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Familia zetu zinaweka kumbukumbu gani za mapato na matumizi?
2. Kijana wa usharika wetu ana majukumu gani ambayo hajawahi kuyaandika?
3. Shule yetu ya sekondari inaweza kufanya nini ili kompyuta na barua za walimu zipatikane kabla ya Desemba?
4. Tutamtiaje moyo kijana aliyekosa nafasi?