MASHINE, MAKELELE NA SIKIO LA NYANYA

Hebu fikiria uko bwaloni saa ya chamcha. Sahani zinagongana, kila meza inapiga domo, na bado rafiki yako anakunong'onezea jambo nawe unalipata neno kwa neno. Wala hushangai. Mimi pia sikushangaa, mpaka likizo iliyopita, tulipopokea mahari ya binamu yangu. Nyanya yangu huvaa kifaa cha kumsaidia kusikia. Tukiwa wawili jikoni tunazungumza vizuri kabisa, lakini siku hiyo alikaa kimya akitabasamu tu, hata wengine wakadhani amenuna. Baadaye akaniambia, "Mjukuu wangu, hiki kidude kinapaza kila kitu. Kinapaza sufuria, kinapaza watoto, kinapaza na maneno. Sasa nishike lipi?"

Swali hilo si geni. Mwaka wa 1953, Mwingereza Colin Cherry alichapisha majaribio yake kuhusu jambo alilolifananisha na karamu yenye wasemaji wengi. Alichukua habari mbili zilizosomwa na mtu mmoja, akazichanganya katika kanda moja. Wasikilizaji waliweza kuzitenganisha, lakini kwa taabu, kanda ikirudiwa tena na tena. Kisha akapeleka habari moja sikio la kulia na nyingine la kushoto, akawaagiza waifuate ya upande mmoja kwa kuirudia kwa sauti. Kumbe hapo ilikuwa rahisi! Lakini je, lile sikio la pili lilisikia nini? Sauti ya mwanamume ilipogeuka ya mwanamke, walitambua. Kiingereza kilipogeuka Kijerumani, wapi! Na hao walikuwa watu wenye masikio mazima. Basi kusikia katika makelele ni kuchagua, na kifaa cha nyanya hakichagui.

Profesa DeLiang Wang wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, ambaye mama yake pia alipungukiwa na uwezo wa kusikia, ametafuta kwa miaka mingi mashine inayoweza kuchagua. Ili uelewe kazi yake, chukua daftari lako la hesabu, lile la miraba. Kwenda kulia ni muda. Kwenda juu, sauti inatoka nzito kuwa nyembamba. Sauti yoyote ile yaweza kukatwakatwa ikaenea katika miraba hiyo. Sasa uliza kila mraba: hapa nguvu ni ya maneno au ya kelele? Ya maneno, acha. Ya kelele, futa. Ukiirudisha miraba iliyobaki iwe sauti, maneno yanaeleweka ijapokuwa yana matobo kama chujio.

Lakini mashine itajuaje mraba upi ni upi? Ujanja uko hapa: watafiti huchukua maneno safi na kelele peke yake, wakazichanganya wenyewe. Kwa hivyo wanayo majibu tayari, kama mwalimu wa mtihani. Programu inakisia, inasahihishwa, inakisia tena, mara nyingi mno. Mwaka wa 2013, watu wasiosikia vizuri walipojaribiwa katikati ya vurugu za wasemaji wengi, wastani wa kuelewa kwao ulipanda kutoka asilimia 25 hadi karibu 85. Waliwapita hata wanafunzi wenye masikio mazima waliosikiliza bila programu!

Msishangilie mno, lakini. Kelele za jaribio hilo zilikuwa za aina ileile iliyotumiwa kuifunza programu. Ndiyo maana katika kazi ya 2016 waliifunza kwa kelele 10,000 tofauti, ili iweze kukabili na ngeni.

Mvua ikipiga mabati ya darasa letu, hiyo ni kelele, hakuna ubishi. Ila wajomba wawili wakisema kwa pamoja, yupi ni maneno na yupi ni kelele? Nilimwuliza nyanya. Akacheka, akasema, "Inategemea ni yupi anayetaja idadi ya ng'ombe."