Mhusika na Dhamira katika Riwaya ya Kobo Abe

Swali: Wahusika wa riwaya ya kisurealisti, yaani inayochanganya uhalisi na mantiki ya ndoto, kama *Suna no Onna* (1962), huchambuliwaje?

Jibu: Niki Jumpei, mwalimu aliyekwenda kwenye matuta ya mchanga kutafuta wadudu, ananaswa na wanakijiji shimoni pamoja na mjane, na kulazimishwa kuzoa mchanga kila usiku ili nyumba isifukiwe, hivyo dhamira, yaani wazo kuu la kisa, haitenganishwi na kazi hiyo isiyokwisha. Mjane, ambaye hana jina na hupuuzwa kwa urahisi isivyo haki, ndiye anayelielewa shimo. Niki afuatwe hasa anapogundua kwamba mtego aliouandaa kwa kunguru hukusanya maji, kwani baadaye, ingawa ngazi ya kutokea shimoni imeachwa, haharakishi kutoroka.